Udongo ya Mfuko

Kwetu Mbale, mnyama anayechimba chini ya shamba na kutupa vilima vya udongo juu tunamwita fuko. Kwa Wasoga wa Budondo, nilikoolewa, ni nfuko. Na mama mkwe wangu akiongea Kiswahili chake cha kubahatisha, nfuko huyo anageuka mfuko. Herufi moja tu, jamani, na ilitaka kunivunjia nyumba.

Mama mkwe hakukipenda Kiswahili. Kwake ni lugha iliyokuja na bunduki, na mimi ni Mnubi, kitukuu cha askari, basi alizoea kuniita "Afande" mbele za watu ili wacheke. Nami sina kifua cha kumeza maneno. Nilimjibu, "Ndiyo, bwana mkubwa," kisha tukanuniana mpaka jioni. Lakini mkono wake ukigusa mbegu, mbegu inaota. Hilo siwezi kumnyima.

Msimu huo nilitaka kuotesha miche ya nyanya, na udongo wa karibu na nyumba ni mawe matupu. Asubuhi aliyoondoka kwenda Mbale kumwangalia binti yake aliyejifungua, alikuwa ameshapanda bodaboda alipogeuza shingo.

"Afande! Tumia udongo ya mfuko. Hiyo iko laini, haina mawe. Changanya na mavi ya nyungunyungu, mbegu yote itaota."

Mavi ya nyungunyungu nayajua: vile vidonge vyeusi unavyovikuta chini ya migomba baada ya mvua. Niliokota nikajaza sufuria kuukuu. Mfuko nao haukunisumbua. Ghalani, nyuma ya majembe, palikuwa na mfuko wa gunia uliofungwa kamba vizuri, na ndani yake udongo mwekundu, laini, hauna jiwe hata moja. Nikasema, lo, bibi huyu kumbe amenichekechea kabisa! Nikauchanganya wote katika mabeseni mawili, nikapanda. Mfuko nikaukung'uta, nikautia maharagwe.

Kila jioni alipiga simu kutoka Mbale. "Afande, imeota?" "Bado, mama." Miche ilipochomoza nilimpigia mimi mwenyewe, na tukacheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Mume wangu hufanya kazi mjini Jinja na kurudi mwisho wa juma. Aliporudi alinikuta nimekaa nachagua maharagwe, mfuko uko miguuni. Akasimama mlangoni.

"Udongo uko wapi?"

"Udongo upi?"

"Uliokuwa humo!"

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti vile. Nikamwonyesha mabeseni. Akakaa chini, kichwa mikononi, na ilibidi nimbembeleze ndipo aseme.

Kabla yake yeye, mama yake alizaa mtoto mwingine, wa kike, na kichanga yule akafa hajatimiza mwezi. Walimzika ukingoni mwa shamba. Miaka mingi baadaye barabara ikapanuliwa, makaburi yakahamishwa, na kila mtu akapewa mifupa ya watu wake. Kaburi la kichanga yule halikuwa na kitu. Mama akaingia shimoni mwenyewe, akachota udongo kwa viganja, akautia katika mfuko ule wa gunia. Ukoo wote unajua neno lake: siku akifa, azikwe na mfuko ule kifuani.

Na mimi nimeutia mavi ya nyungunyungu. Astaghfirullah! Simu ikalia, na ni yeye.

"Afande, kesho nakuja. Miche yangu inaendeleaje?"

"Vizuri, mama," nikasema. Wallahi sijui sauti ile ilitoka wapi.

Mume wangu akanong'ona kana kwamba mama yake yuko chumba cha pili. "Tuujaze mwingine. Udongo ni udongo. Hatajua." Nikamfokea, nikamwita mwoga, nikamwambia aone haya. Lakini kulipokucha nani alikuwa kwenye migomba na jembe na mfuko? Mimi. Fuko alikuwa amerusha vilima vipya, udongo laini kama unga, ule ule niliokuwa nimeambiwa nichukue tangu mwanzo. Nikajaza, nikafunga kamba kwa fundo lile lile, nikaurudisha nyuma ya majembe. Ulifanana kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nilimwona mama mkwe, siku ya maziko yake, amelala sandukuni, amekumbatia takataka za fuko, na mimi nikiwa kati ya waombolezaji na siri yangu. Nikaufungua, nikaumwaga uani.

"Nitamwambia mwenyewe," nikamwambia mume wangu. "Akinifukuza, unirudishe kwetu."

Alifika adhuhuri, amebeba fungu la malewa, yale machipukizi ya mwanzi ya kule Mbale yaliyokaushwa kwa moshi. Alikuwa ameniletea mimi. Mimi! Sikumngoja akae, maana ningengoja ningeshindwa.

"Mama, ulisema udongo ya mfuko. Mimi nikachukua wa kwenye mfuko. Ule wa ghalani."

Kwanza hakuelewa. Kisha malewa yakamponyoka.

Mume wangu akaanza kunitetea, naye akamnyamazisha kwa kiganja bila kumtazama. Akaenda kwenye mabeseni. Miche ilikuwa imesimama, mibichi, imenawiri kuliko miche yoyote niliyowahi kuotesha. Niliichukia.

"Imeota," akasema polepole. Akapitisha kidole juu ya majani. "Yeye hakuota hata jino."

Nikalia kwa sauti. Hakunibembeleza, wala sikustahili.

"Leta mfuko," akasema.

Tukaing'oa miche yote, yeye beseni moja, mimi jingine, tukikung'uta kila mzizi juu ya mfuko. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Udongo unazoleka, ila hauji peke yake. Mavi ya nyungunyungu yaliingia humo pia, nani angeyatenga? Miche ililala juani ikinyauka na hakuna aliyeitazama. Nilipomaliza beseni langu nikainuka kwenda kunawa mikono kwenye jerikeni.

"Wacha!"

Nikaganda. Akanishika kiganja kwa nguvu, akanivuta nikae chini, nikajua, haya, sasa napigwa. Nikafumba macho. Nikasikia kitu kinachoma kidogo. Alikuwa amevunja mwiba wa mlimau, na kwa mwiba ule alikuwa anatoa udongo chini ya kucha zangu, kidole kimoja baada ya kingine, akiudondoshea mfukoni. Alipofika kwenye kidole gumba alikuwa analia, nami nilikuwa nimeishiwa machozi.

Akafunga kamba. Akaupakata mfuko kidogo, kisha akaniwekea mapajani.

"Huyu ni wifi yako," akasema. "Tangu uje hapa hujamsalimia."

Kwa Wasoga, mke hasalimii wakwe amesimama. Nikauweka mfuko juu ya mkeka, nikapiga magoti mbele yake.

"Kodheyo," nikasema, salamu yao ya kumpokea mtu aliyetoka mbali.

Mama mkwe akaitikia kwa niaba yake.