Mzee Meliton Atembezwa Kusko

Nicanor Huallpa alikuwa amewatembeza wageni mjini Kusko nusu ya umri wake, lakini hakuwahi kumwonyesha baba yake mzazi hata kanisa moja. Mzee Meliton alizoea kushuka kutoka milima ya Paucartambo na viazi vyake, na vikiisha kuuzwa, hupanda basi akarudi. Mji aliujua kwa soko tu.

Safari hii kilichomleta ni macho. Daktari alimchunguza, akazungumza na Nicanor kwa Kihispania, na Nicanor akamfasiria baba yake kwa Kikechua, lugha ya nyumbani: ni presha ya macho, imekwisha kula sehemu kubwa ya uwezo wa kuona, atie matone ya dawa kila siku ili kilichobaki kisiishe upesi. Mzee alishika neno matone. Mengine yalimpita.

"Basi leo nionyeshe," alisema wakitoka, uso umemchangamka. "Hao wazungu wako hutoka mbali hivyo kutazama nini?"

Nicanor alifungua kinywa amweleze upya habari ya macho. Kilichotoka ni, "Twende, baba."

Uwanjani mbele ya kanisa kuu alianza kueleza habari za wafalme wa kale.

"Mbona unaongea kama redio?" mzee akamkatiza. Alikuwa amegeuza kichwa upande, kama kuku aliyeona punje.

Kwenye ukuta wa kale, penye jiwe maarufu la pembe kumi na mbili, mzee aliweka viganja vyote viwili. Mlinzi akapiga filimbi. "Mzee! Haliguswi hilo!"

"Mke wangu nilimgusa hadi akanizalia watoto, sembuse jiwe?"

Watu wakaangua kicheko. Nicanor akamwomba mlinzi radhi, lakini mzee akamshika bega. "Mwache afanye kazi yake. Matone yakinikolea, nitarudi nilione bila kuligusa."

Nicanor alijua hayatamponya. Hata hivyo alimpandisha ngazi za mtaa wa San Blas, mpaka juu kabisa, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi ya kutembeza. Waliketi ukingoni. Mzee akatia majani ya koka shavuni.

"Huko chini ni nini?"

"Mapaa, baba. Vigae vyekundu."

"Mimi naona moshi. Haidhuru. Mwezi ujao yataonekana."

"Hayataonekana." Nicanor alisema. "Matone hayarudishi kilichopotea, baba. Yanachelewesha tu."

"Yanachelewesha nini?"

"Giza."

Mzee aliacha kutafuna. "Daktari alisema hivyo asubuhi?"

"Alisema. Nami nilikwambia."

"Hukuniambia! Uliongea mbiombio, unatazama kando. Kisha ukanipandisha ngazi zote hizi, nije kutazama!"

Akainuka ashuke peke yake. Mguu wake ukapapasa hewani kutafuta ngazi, usiipate. Nicanor akanyoosha mkono. Mzee akaupiga kofi. Wakasimama hivyo, wageni wakiwapita huku na huku wakipiga picha za mji. Nicanor hakuthubutu kumgusa wala kumwacha. Hatimaye mzee akapapasa tena, safari hii akashika mkono wa koti la mwanawe.

"Sijakusamehe," alisema. "Nashuka tu."

Alikataa kula, akakataa kulala mjini. Nicanor alimtilia chupa ya dawa mfuko wa shati, akampigia simu dada yake Benita kijijini ampokee mzee barabarani. Basi lilipoondoka alipunga mkono, ingawa alijua hakuna anayeuona.

Wakati wa kuchimba viazi ulipofika, Nicanor alipanda mlimani kwenda kijijini. Mzee aliketi uani akichambua viazi kwa vidole, vikubwa huku, vya mbegu kule, na kondoo walipopita aliuliza ni wa nani. Walikuwa wake.

"Matone yapo, baba?" Nicanor aliuliza.

"Yapo."

Mtu aliyejua kusimulia mji mzima kwa lugha tatu alichuchumaa pembeni ya baba yake, akavuta gunia, akaanza naye kuchambua.