Presha ya kiwandani ilivyoingia nyumbani kwangu, na mke wangu alivyoitoa

Wakuu, heshima kwenu. Hili limetokea kwangu hapa Kirumba, sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa injini za boti. Mke wangu, mama Neema, ni supavaiza kwenye kiwanda cha minofu ya sangara.

Samaki wakapungua, presha ikapanda, akaletwa meneja mpya wa kufoka.

Mama Neema ni mtu wa utani sana. Ghafla nyumba ikawa kama shifti. "Nani kaacha ndoo hapa? Fanyeni haraka!"

Dada yangu akasema cheo kimempanda kichwani. Sikukubali. Namjua huyu mwanamke.

Jioni moja tunakula, akamfokea Neema amalize ugali. Mtoto ana miaka sita. Akajibu kwa adabu kabisa, "Sawa, supavaiza."

Hakuna aliyecheka.

Mama Neema akarudisha tonge kwenye sahani, akatoka nje. Nikamfuata.

"Baba Neema, yule mtu ananitukana mbele ya vijana ninaowasimamia. Nikijibu nafukuzwa. Nameza kutwa nzima, nikifika hapa ndiyo inatoka."

Nikamwambia, "Kamwambie. Wakikufukuza tunarudi Magu kulima mpunga. Hatufi njaa."

Kesho yake akaingia ofisini kwa meneja, peke yake.

"Bosi, nikikosea niite humu ndani. Ukinitukana mbele ya wale vijana hawatanisikiliza tena, na kazi itakayoharibika ni yako."

Jamaa hakuomba msamaha. Alisema tu, "Nimekusikia. Nenda kazini."

Jioni hiyo, hata hatujui kama ajira bado ipo, alipiga magoti mbele ya Neema. "Nisamehe mwanangu. Hasira haikuwa yako."

Neema akamkumbatia, halafu akaomba aongezewe mchuzi. (Huyu mtoto atafika mbali.)

Tulisubiri barua ya kufukuzwa, haikuja. Sasa meneja akiwa na neno anamwita pembeni. Na utani umerudi, mpaka majirani wanausikia.

Nilichojifunza: stress haimpigi aliyeileta, inampiga aliye karibu. Kabla hujasema mwenzako kabadilika, muulize kazini wanamfanyia nini.

Wengine wanajisifia magari humu. Mimi najisifia mke.

Kwenu hasira ya kazini ikifika mlangoni mnaipokeaje? Karibuni, nasoma kila comment.