Mama Nyoosha na Mguu wa Mwalimu

Kwenye kibao chake mama yangu ameandika "Mtaalamu wa Fiziotherapia", lakini watu wa mji wetu walichoka kulitamka neno hilo wakaamua kumwita Mama Nyoosha. Siku hizi hata mwenye nyumba humwita hivyo.

Kliniki yake ni chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga. Zamani kilikuwa saluni, vioo vikaachwa ukutani, na harufu ya mafuta ya nywele haijatoka mpaka leo. Fundi wa kuchomelea alimtengenezea vyuma viwili vya kushikilia kwa mabomba ya maji, ili mgonjwa ajifunze kutembea katikati yake. Chumvi ya bahari ikavila, mama akavipaka rangi, ikavila tena.

Mwanzoni hakuja mtu. Yaani walikuja, ila si wale aliowataka. Jamaa mmoja alitaka akandwe mgongo mpaka apitiwe na usingizi. Mwingine alileta mbuzi anayechechemea. "Si mguu tu, Mama Nyoosha?" Mama alimtazama yule mbuzi muda mrefu kidogo kabla ya kukataa.

Kisha akaja Mwalimu. Huyu mzee alifundisha jiografia nusu ya mji, mama akiwemo, na hata baada ya kustaafu alikuwa akitoka kununua sabuni amechomekea shati. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto.

Bwawa la kuogelea hatuna, kwa hiyo mama akaamua kutumia bahari. Nilimuuliza kwa nini maji. Akanieleza kwamba ndani ya maji mwili huwa mwepesi, na mguu ambao haulemewi hupata ujasiri. Basi kila jioni akampeleka ufukweni chini ya ukuta wa barabara, pale watu wanapokaa kupunga upepo na vijana wanapocheza mpira. Mwalimu alikuwa amevaa kaptura, maji kiunoni, mama amemkumbatia kwa nyuma kama mtoto anayefundishwa kusimama.

"Mwalimu, mgongo wima! Usilale darasani!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka ukutani, na wenzake wakavunjika mbavu. Mwalimu alitazama mbele tu.

Lakini mguu uliamka. Ilifika jioni akatoka majini kwa fimbo yake, bila kushikwa, ukuta mzima ukapiga makofi. Kuanzia hapo mabenchi ya kliniki yakajaa. Walikuja wa magoti, wa viuno, na dereva wa lori mwenye shingo iliyokaza. Mama akawa anaimba akifua mashuka.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa mke wa meneja wa benki, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Alisema wazi kwamba yeye hawezi kuingia majini mbele za watu. Mama akampeleka nyuma ya kiwanda cha zamani cha barafu, kwenye kighuba kidogo ambacho hakipitiwi na mtu.

Siku hiyo Mwalimu alifika mapema kwa zoezi lake, akiwa na mkewe. Mimi nilikuwa kwenye benchi nafanya hesabu za shule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya kiwanda cha barafu, na mke wa meneja. Kule ndiko kuzuri, maji hayasukumi."

Akakaa, akasubiri. Mama alipoingia, sketi ikiwa bado inachuruzika, Mwalimu alimuuliza kwa sauti ileile ya darasani:

"Mwanangu, kule nyuma ya kiwanda mchanga ukoje?"

"Mgumu, Mwalimu. Mguu hauzami."

"Na mawimbi?"

Mama akaanza kuelewa. "Hakuna mawimbi, Mwalimu."

"Mimi nilidhani kule hakufai. Nikajiambia, huyu amesoma, kama ananipeleka pale ukutani lazima kuna faida ya mguu."

Hata dereva wa shingo aligeuka. Mama alitafuta pa kuweka macho, lakini kila alikotazama palikuwa na kioo, na ndani yake yupo yeye, na nyuma yake Mwalimu anainuka taratibu kwenda zake.

Hakurudi tena. Mama alijua kwamba mguu wa namna ile ukiachwa unakaza, na ukishakaza kuurudisha ni shughuli pevu. Akaenda kwake. Mke wa Mwalimu akamjibu mlangoni, "Amelala." Kesho yake vilevile. "Mchana huu, mama?" "Amelala, mwanangu." Mama akarudi nyumbani bila kunitazama. Kuimba kuliisha.

Mara ya tatu nilimsindikiza. Sauti ikatoka ndani: "Mwache aingie."

Mama alikaa ukingoni kabisa mwa kochi. "Mwalimu, nisamehe. Nilikupeleka pale ili watu waone kazi yangu. Nilitaka wagonjwa."

"Wamekuja?"

"Wamekuja."

"Haya basi." Hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Lakini mimi kwako sirudi."

"Siombi urudi. Naomba mguu usilale. Niruhusu nimfundishe mama akunyooshe hapa nyumbani."

Mwalimu alifikiri, akaitikia kwa kidevu.

Mkewe ndiye aliyeogopa. "Nikimvunja je?"

"Anza na mimi," mama akasema, akalala chali kwenye mkeka katikati ya sebule. Mke wa Mwalimu akauinua mguu wa mama juu mno, gauni likateleza, paja likabaki wazi, na Mwalimu yuko pale kitini anaona yote. Watoto wa jirani nao walishajipanga dirishani.

"Jamani njooni! Mama Nyoosha ananyooshwa!"

Masikio yakaniwaka moto. Mama hakujifunika. Alifumba macho tu, mguu ukiwa hewani.

Mwalimu alishika fimbo, akainuka kwa shida, akajikokota hadi dirishani, akavuta pazia.

"Endeleeni," akasema, akabaki amesimama akiwapa mgongo.

Mama hakufumbua macho. Ilibidi mke wa Mwalimu amwambie mara mbili kwamba sasa anaweza kushusha mguu.