Baba Mdogo Kutoka Ng'ambo

Mwaka ule vita vilipowaka ng'ambo ya ziwa, maboti yakawa yanashusha watu Kibirizi kuanzia asubuhi hadi jioni, baba yangu alijipatia kazi isiyo na mshahara. Alikuwa amestaafu bandarini, hana la kufanya. Kila siku alivaa shati lake la mikono mirefu, akateremka ufukweni, akapita katikati ya watu waliokaa juu ya mafurushi yao akiulizia kama yupo mwenye jina letu la ukoo. Babu yake alivuka kuja Ujiji kutoka upande ule akiwa kijana, na baba aliamini kwamba kila anayebeba jina lile ni damu yetu.

Waliolibeba hawakukosekana. Alikuja mama mmoja na watoto wanne, wakaja wazee wawili ambao walikuwa hawasemeshani, akaja fundi viatu na mkwewe. Walikula kwetu ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, wakalala sebuleni siku mbili tatu, kisha wakapelekwa kambi ya wakimbizi pamoja na wenzao. Mama yangu ni Muha wa Kasulu, hana ndugu hata mmoja ng'ambo ya ziwa. Alipika bila kunung'unika, ila siku moja alimwuliza baba kwa upole, "Hivi hilo jina lenu ni la ukoo au la hoteli?"

"Ndugu hachaguliwi," baba akamjibu.

Ndipo akaletwa yule kijana. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, na mkononi alishika bisibisi mbili zilizofungwa kwenye kitambaa. Ndio mzigo wote aliovuka nao. Baba alimkalisha, akamhoji kuhusu babu zake, akahesabu kwa vidole, akafuta, akahesabu tena. Mwisho akatangaza kwamba marehemu baba wa kijana huyu alikuwa ndugu wa babu yetu kwa upande wa waliobaki ng'ambo, mzaliwa wa mwisho. Kwa hiyo kijana ni mdogo wake yeye baba. Kwa hiyo kwangu mimi, niliyekuwa na miaka ishirini na mitatu, ni baba mdogo.

"Mwamkie baba yako," akaniambia.

"Shikamoo, baba mdogo."

Kijana akanitazama kwa wasiwasi. Kwao shikamoo haina kazi. "Aksanti," akajibu.

Baba alimfundisha kusema marahaba. Kisha akaenda naye ofisi ya wakimbizi, akaapa mbele ya ofisa kwamba huyu ni mdogo wake, yeye atamtunza. Ndivyo alivyobaki kwetu wenzake walipokwenda kambini.

Mimi nilikuwa nashona nguo soko la Mwanga, barazani kwa muuza vitenge. Baba mdogo alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, na hakukuwa na fundi wa maana pale sokoni, hivyo akaanza kuja. Alikaza mikanda, akanoa mikasi, akapaka mafuta. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Nilimweleza habari za wateja wangu wanaonenepa kati ya kupimwa na kuja kuchukua nguo, naye akacheka mpaka akaangusha bisibisi. Baada ya miezi michache niligundua kwamba cherehani yangu inaharibika kila Jumanne na kila Ijumaa, na kwamba nilikuwa naiharibu mwenyewe.

Siku aliyoniambia anataka kunioa, nilimjibu, "Na nani atakwenda kumwambia kaka yako?"

Nilikwenda mimi. Baba alinisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai, hakinywi wala hakiweki chini.

"Huyo ni baba yako," akasema.

"Kwa hesabu ya vidole, baba."

"Nimeapa mbele ya serikali."

Mama, aliyekuwa anachambua dagaa, akasema, "Serikali haikukutuma ufukweni."

Baba akaona amalize ubishi kwa kumwita dada yake mkubwa, shangazi yetu wa Bangwe, ambaye ndiye aliyelelewa na babu yao. Alitegemea aje athibitishe undugu. Shangazi alifika, akala, akanawa, akauliza tatizo ni nini. Alipoelezwa akatikisa kichwa.

"Babu hakuwa na jina hilo," akasema. "Alikuja anapiga kasia kwenye mtumbwi wa tajiri mmoja. Walipofika Ujiji karani wa kodi akamwuliza, wewe ni wa nani? Babu akadhani anaulizwa mtumbwi ni wa nani. Akataja jina la tajiri. Karani akaandika."

"Na wapiga kasia wenzake?" baba akauliza.

"Wote waliulizwa swali hilohilo."

Baba akamwuliza kwa nini miaka yote hiyo hakumwambia.

"Hukuwa unauliza," shangazi akasema. "Ulikuwa unatangaza."

Nilikuwa nimeshinda, lakini sikufurahi. Kwa siku nne baba hakuteremka Kibirizi. Alikaa uani na shati lake la kawaida, na mtu akimwita kwa jina la ukoo aliitika kwa kuchelewa, kama anayepokea kitu cha jirani. Siku ya tano alimwita kijana.

"Wewe je? Kwenu mlilipata wapi jina hili?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Babu yangu alilelewa na mutu mwenye jina hilo, mzee. Damu sijui."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua. Lakini nilikuwa na siku tatu sikula. Mutu ananiambia karibu ndugu yangu, mimi nimubishie?"

Nilidhani baba atakasirika. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, na nilichukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Sasa wewe kwangu ni nani?" akauliza alipotulia.

"Ukikubali, mzee, ni mkwe."

Akakubali. Shida ikahamia kanisani. Tangazo la ndoa liliposomwa Jumapili ya kwanza, jina lile likatajwa mara mbili, watu wakageuka kututazama. Mji mzima ulikuwa umesikia kwa baba mwenyewe kwamba kijana ni mdogo wake. Kabla ya Jumapili ya pili watu saba walikuwa wamekwenda kwa padre kutoa taarifa, wawili kati yao majirani tunaoazimana chumvi. Padre akamwita baba.

"Mzee, ulisema kweli wakati ule, au unasema kweli sasa?"

"Padre," baba akasema, "wakati ule nilikuwa nakaribisha mgeni. Sasa namwoza binti."

Padre alimhoji pia shangazi, akaandika, akatufungisha ndoa.

Miaka kadhaa baadaye, ng'ambo kulipotulia kidogo, mume wangu alivuka kwenda kutazama nani amebaki kwao. Alimkuta mjomba wake, ambaye alimwambia kwamba jina lile hata la tajiri halikuwa. Lilikuwa la mama aliyemlea tajiri, mfinyanzi wa vyungu. Baba aliisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, akaomba daftari lake la ukoo, akaiandika chini ya ile ya shangazi na ile yake ya zamani, bila kufuta hata moja. Mama akamwuliza anaamini ipi.

"Ya dada ndiyo yenye ushahidi," akasema. "Lakini hii ya vyungu naipenda."