Waya Mwembamba wa Wodi ya Wazazi

Uvumilivu wangu uliisha mchana mmoja wa mvua, nepi ya mutoto wangu iliyoanikwa ilipoanza kufuka moshi juu ya kichwa chake. Nikaruka kutoka kitandani, nikaivuta chini kwa kijiti, nikazima swichi ya sanduku dogo la fyuzi. Taa zikafa, na wamama wenzangu wakanitazama kama nimemwaga sufuria ya bukari, ugali wa wodi nzima.

Ukweli ni kwamba sote tulikuwa tumelewa umeme. Wodi yetu ilikuwa kibanda nyuma kabisa ya dispensari ya Nchelenge, karibu na ziwa, na moteri ya kuzalisha umeme ilinguruma mbele kule barabarani. Taa ya kwanza ilipowaka tulicheza na vichanga mgongoni. Jirani yangu wa kitanda aliipigia magoti kama mkwe. Ikaja sahani ya umeme ya kuchemshia maji, kisha pasi. Hapo tukagundua kwamba waya uliopita chini ya dari unapata joto. Nguo zilikuwa hazikauki wiki nzima, basi tukaanika nepi juu yake, tukicheka kama wasichana.

Mimi nilisoma sekondari kwa masista. Waya hupimwa kwa mzigo utakaoubeba na kwa safari utakayokwenda, na ule ulitosha taa moja tu. Nilimwambia fundi aliyeuvuta, ambaye kabla ya umeme alikuwa mshona nyavu kule Chisenga. Akanijibu kwa upole, "Mayo, mama yangu, uzi munene samaki anauona." Nikamwuliza kama umeme nao una macho. Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi, kwa hasira zangu zote, nikacheka naye. Fyuzi ilipozidi kukatika, akaifunga kwa waya wa mtego wa panya. Mahali pekee palipotaka uzi mwembamba, ndipo alipoweka munene.

Sasa jirani yangu akaniuliza, "Tutaanika wapi, mama wa masomo?" Nikamwonyesha nepi. Akapitisha kidole kwenye tundu lililoungua, akakichezesha upande wa pili, na wodi nzima ikacheka hadi machozi. Kisha kila mmoja akamwinua mutoto wake kutoka chini ya waya.

Nikamfunga wangu mgongoni, nikaenda biro, ofisi ya Bwana Mkubwa wa serikali. Karani akasema mashitaka huletwa na mume. Nikamjibu kwamba mume yuko ziwani na moto hautamngoja, nikachukua kalamu yake, nikaandika:

"Kwa Bwana Mkubwa. Ninashitaki waya wa wodi ya wazazi. Ni mwembamba kuliko mzigo wake na safari yake, na fyuzi imefungwa kwa waya wa mtego, haitakatika hata kibanda kikiungua. Nataka waya mnene kutoka moteri hadi sanduku letu, fyuzi ya kweli, na sahani ya maji ihamishiwe mbele, karibu na moteri, leo. Swichi nimezima mimi. Atakayeiwasha kabla ya hapo, amulaze mutoto wake mwenyewe kwenye kitanda changu."