Kipande cha Ini Langu Kilivyofukuliwa Bunia

Ndugu vijana wa Fataki, mnisamehe mwandiko huu uliolala kama mahindi baada ya mvua, na herufi nilizoruka. Niliishia shule ya msingi na kalamu yangu inatembea polepole. Mliniomba masimulizi ya Bunia; ninaandika kwa sababu mbele ya watu mdomo wangu haufunguki.

Niliondoka kwa ajili ya kitu kigumu kilichoota chini ya mbavu, upande wa kuume. Hakikuuma, ila shati lilikataa kufungwa.

Asubuhi tulipanda pikipiki, mimi na Tantine Mave, dada ya baba. Barabara ilikuwa imefunguliwa tena, lakini kwenye kila kizuizi cha askari dereva hakuzima mtambo, tayari kukimbia. Askari mmoja alitazama tumbo langu.

“Tantine, huyu iko na mimba ya miezi ngapi?”

“Hesabu tangu siku ulifika hapa,” Tantine akajibu. Wenzake walicheka hata wakasahau kutuomba karatasi.

Bunia tulifikia kwa Mama Zaina, rafiki ya Tantine, muuza samaki wa ziwani. Siku ya tatu, hospitalini, daktari aliniangalia kwa ekografi, ile mashine inayoonyesha ndani ya tumbo.

“Uvimbe huu haukutoka kwenye nyama ya ini yenyewe,” alisema. “Umetoka kwenye nyuzi zinazoishikilia. Ni wa nadra. Kwa macho siwezi kujua kama ni mwema au mbaya.”

Nilipasuliwa kesho yake. Kipande cha uvimbe kilitiwa ndani ya chupa yenye dawa ya kukizuia kisioze, Tantine akapewa akipeleke labo kikapimwe, ng'ambo ya mji.

Siku ya nane daktari alikuja kitandani amekunja uso. “Labo haijapokea kitu. Bila kile kipande sitajua kama ni kansa, wala dawa gani nikupe.”

Tantine alitazama dirisha. Mimi nilijua; alikuwa ameninong'oneza kwa fahari. Kumwaibisha mbele ya daktari kulinitisha kuliko kisu. Lakini nilitaka kuishi.

“Docta,” nikasema, “kiko ndani ya udongo.”

“Nyama ya mutoto yetu ilale kwa watu hatuwajue?” Tantine akafoka. “Kwetu kinachotoka mwilini, jamaa wanakizika. Nilikizika.”

“Na chupa?”

“Na chupa yake. Ile harufu, nani angefungua?”

Daktari alifunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika kwa kicheko. “Kama chupa haijavunjika, dawa bado inakilinda. Mama, kimbia ukakifukue!”

Mchana huo Tantine na Mama Zaina walichimba huku na huku nyuma ya nyumba ya Mama Zaina, maana Tantine alikuwa amesahau alikizika chini ya mgomba gani. Shimo la kwanza, mizizi. La pili, kandambili.

“Mave,” Mama Zaina akasema akijifuta jasho, “siku nitakufa, usinizike weye!”

Katika shimo la tatu jembe liligonga kioo. Hakikupasuka. Tantine aliibeba chupa hadi labo kwa miguu, akikataa pikipiki.

Baada ya wiki nyingi za kungoja jibu lilifika: uvimbe wa nadra, si kansa, na wote umeondolewa. Tantine alicheza kati ya vitanda hata muuguzi akamfukuza.

Tulirudi Fataki kwa barabara ileile, shati langu limefungwa vifungo vyote.

Nimejifunza kwamba heshima kwa mkubwa haizuii kusema kweli, na kwamba kitu kigumu tumboni si lazima kiwe kifo. Kama kwenu kuna mwenye nacho, au mnacho cha kuniuliza, niandikieni. Ninasoma polepole pia, lakini sasa wakati ninao.