Mfalme Asiye na Dosari

Miaka ile watu walipomiminika Nyangoto kuchimba dhahabu, nilikuwa mwalimu wa fasihi, na parokia ikaniomba niandike mchezo wa sikukuu ya mavuno. Nikaandika tanzia. Mtu mmoja aliyemiliki shimo la dhahabu na kuajiri wachimbaji akajitolea kununua mavazi yote, mradi yeye awe mfalme.

Nikamweleza kwamba shujaa wa tanzia ni mtu mkubwa anayeangushwa na dosari yake mwenyewe. Alinisikiliza kama anayesimuliwa ugonjwa wa jirani. Akauliza mfalme wangu ana dosari gani. Nikasema kiburi, haambiliki. Hapo akakataa kabisa, maana watu wangedhani ni yeye. Alitaka mfalme afe kwa huruma iliyozidi, na kama nilikuwa na shaka, twende kwake Kerende nikamuulize mke wake.

Tulimkuta mama huyo uani akichambua maharage. Nikamwamkia, nikamweleza shida yetu. Alifikiri huku vidole vikiendelea na kazi.

"Mwalimu, huyo mtu wa tanzia ana dosari moja tu?"

"Moja kubwa, mama."

"Basi siyo huyu wangu."

Mumewe alicheka kwa furaha. Njia nzima ya kurudi alinikumbusha kwamba hata mkewe ameshuhudia hana dosari. Nikaandika huruma.

Siku ya mchezo alivaa suti chini ya joho, akaagiza godoro litandikwe pale atakapoangukia. Alipoanguka, mama yake mzazi, ambaye hajawahi kuona mchezo, alipiga yowe la msiba kwa Kikurya. Mfalme akainuka, akamfuata alipoketi, akamhakikishia kuwa yuko mzima, kisha akarudi kwenye godoro kumalizia kufa. Watu walitokwa na machozi, ila ya kicheko.

Masika yaliyofuata wachimbaji wake walimwambia kuta za shimo zimelowa, haifai kushuka. Akawafukuza, akaenda kutafuta wengine. Kabla hajawapata shimo likaporomoka, likafukia pampu ya maji na mbao zake zote.

Kwa kanuni za tanzia, hapo ndipo shujaa hutambua kosa lake. Nilikwenda kumpa pole, nikangoja. Alisema majirani wamemroga kwa wivu, tena wale wale aliowahurumia. Baadaye akahamia Mugumu, akafungua nyumba ya wageni karibu na stendi, akanenepa. Funguo anashika mkewe.